Kufunga puli mpya ya krenki kwenye IST na Probox

Puli ya krenki ni gurudumu lenye mifereji lililo mwishoni mwa krenki, mhimili mkuu wa injini, nalo ndilo linalozungusha mkanda. Mkanda ukiendelea kulia hata baada ya kubadilishwa, au puli ikicheza kama sahani injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kitovu cha puli hadi ukingoni, uvuke raba ya katikati. Chaki hupanguka, usiitumie. Endesha gari siku moja kisha tazama tena. Mstari ukiwa umeachana, raba imekufa na ukingo unazunguka kivyake. Hata alama ya taimingi iliyochongwa pale ukingoni haiaminiki tena.

Maelezo haya ni ya injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST na Probox nyingi zinazobeba abiria Kigoma mjini na Ujiji. Injini nyingine hufuata njia ileile, ila vipimo vya kukaza hubadilika.

1. Kuagiza

Puli ikitoka Kariakoo kwa basi na ikafika isiyofaa, unalipia mzigo mara mbili na gari linakaa juu ya stendi wiki nzima. Kwa hiyo mtumie muuzaji aina ya injini, idadi ya mifereji ya mkanda, kipenyo cha nje, na kipenyo cha kitovu pale kinapoingia kwenye oili sili, ile pete ya raba inayozuia oili isivuje. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika. Kwenye 1NZ midomo ya sili ya mbele inakaa juu ya kitovu cha puli yenyewe, kwa hiyo kitovu kikiwa chembamba kidogo tu, oili inavuja kuanzia siku ya kwanza. Ikifika, pima kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo) kabla ya kuilipia yote.

Puli nyepesi za alumini zisizo na raba, zile zinazouzwa kwa sifa ya kuongeza nguvu, ziache. Raba ipo ili kumeza mtikisiko wa krenki inayojipinda kila silinda inapochoma. Na nyingi ni ndogo kuliko ya asili, hivyo pampu ya maji na oltaneta vinazunguka polepole. Gari linalopanda kuelekea Kasulu likiwa limejaza watu na magunia halihitaji pampu ya maji inayozunguka polepole.

2. Kufika kwenye puli

Toa waya hasi wa betri, inua upande wa kulia, weka stendi, toa tairi na kava la plastiki. Legeza oltaneta, toa mkanda.

3. Kufungua bolti

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Bolti ni ya soketi namba 19 na imekazwa sana. Tumia soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 itamung'unya kichwa, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya kuchomelea.

Tatizo kubwa ni krenki kuzunguka pamoja na bolti. Kwenye gari la gia za mkono, gia ya tano na mtu wa kukanyaga breki husaidia. Kwenye otomatiki, kuweka P hakusaidii chochote, kwa sababu kati ya injini na giaboksi kuna oili tu inayosukumana, hakuna kinachoshika krenki. Kuchomeka bisibisi kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito lililo mwisho wa pili wa krenki, kunavunja meno. Kuna na ule mtindo wa kuegemeza spana kwenye chesisi kisha kupiga stata: spana ikichomoka inaruka na kuvunja mkono. Usiufuate.

Mpe mchomeleaji kazi ndogo: chuma bapa cha unene wa milimita 8, urefu wa sentimita 60. Mwisho mmoja kitobolewe tundu kubwa la kupitisha soketi, na pembeni yake matundu mawili yanayolingana na yale yenye nyuzi kwenye uso wa puli. Funga kwa bolti mbili za milimita 8, ziingie nyuzi za kutosha, lakini zisigonge kava la cheni nyuma.

Kufungua ni kinyume cha saa. Elekeza chuma bapa nyuma ya gari, mwisho wake ukae juu ya gogo chini. Bomba la kurefushia spana nalo lielekee nyuma, kisha likandamize kwenda chini. Kwa bomba la mita 1, uzito wa mwili unatosha. Mashine ya impakti, inayozungusha bolti kwa kugonga-gonga, ni sawa kwa kufungua. Kwa kukaza, hapana.

4. Kuvuta

Rudisha bolti nyuzi kadhaa ili pula (kifaa cha kuvutia puli) isukume kichwa chake badala ya kuharibu nyuzi za krenki. Pula ishike matundu ya kitovu. Ikishika ukingo, unavuta raba. Usiingize mtaimbo kati ya puli na kava la cheni; kava ni la alumini na hupasuka.

5. Sili na kii

Badilisha oili sili hata kama haivuji, kwa kuwa midomo yake imeshazoea kitovu cha zamani. Ipigie hadi kina kilekile cha ya zamani, paka oili mdomoni. Futa vumbi lote kwanza: chembe ya mchanga chini ya mdomo huchimba mfereji kwenye kitovu kipya.

Kii, kipande kidogo cha chuma kinachofungia puli isizunguke kivyake, kikae imara kwenye krenki. Kikicheza, au pembe zake zikiwa zimelika, kibadilishe.

6. Kuingiza na kukaza

Puli iingie kwa mkono hadi ishike kii, kisha bolti iivute taratibu. Nyundo inaumiza raba, na kishindo chake kinafika hadi kwenye beringi za ubavu, zinazozuia krenki isisogee kwa urefu wake. Safisha nyuzi, paka tone la oili.

Kipimo cha kukaza cha 1NZ-FE ni Nm 128 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Cha 1ZZ-FE ni 138. Kama huna spana ya kupimia nguvu ya kukaza, azima mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza dagaa wa Kibirizi. Safari hii chuma bapa kielekee mbele ya gari, juu ya gogo. Bomba lielekee nyuma, likiwa limelala sawasawa. Ning'iniza ndoano ya mizani sentimita 50 kamili kutoka katikati ya bolti, vuta juu wima hadi isome kilo 26. Hiyo ni kama Nm 128. Bomba likiwa na uzito wa kilo 1 na urefu wa sentimita 50, vuta hadi 26 na nusu, maana unalibeba nalo. Mizani ikisoma kilo 26 huku bolti bado inazunguka, endelea hadi izunguke mara ya mwisho ikiwa kwenye 26. Kusimama na kuanza upya hudanganya.

Bolti ikibaki legevu, puli hutafuna kii, kisha mfereji wa kii kwenye krenki, na hapo kinachobadilishwa ni krenki.

7. Kuwasha

Zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kuelekea saa. Rudisha mkanda, ukibonyeza kwa dole gumba, uzame takriban sentimita 1. Rudisha waya wa betri, washa, angalia ukingo wa puli kwa tochi. Ukicheza ndani na nje, fungua: mara nyingi kuna kutu au mchanga kati ya kitovu na krenki, au puli haikuingia vizuri kwenye kii. Piga tena mstari wa rangi ya kucha kwenye puli mpya.