Kutoa mekapu ya harusi kwa mafuta: hatua ninazofuata Chake Chake

Mekapu ya biharusi tunaipaka ihimili joto la kaskazi, taa za ukumbi, machozi ya kuagana na mama na mabusu ya mashangazi. Faundesheni ya kuzuia maji, maskara na lipstiki ya kukaa kutwa zimejaa nta, mafuta na silikoni, vitu ambavyo maji hayaviwezi. Ukisugua kwa sabuni utachubua ngozi, na rangi itabaki palepale kwenye mizizi ya nyusi na pembeni mwa pua. Mafuta ndiyo yanayoyeyusha mafuta.

Kuna sababu nyingine, na kwetu ni nzito kuliko ngozi. Kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi kinazuia na udhu. Biharusi akilala na faundesheni ile, alfajiri maji yatapita juu ya utando. Kwa hiyo kazi hii ifanywe usiku uleule, hata kama ni saa saba na macho yanafumba yenyewe.

Kwanza, mafuta yapi?

Mafuta ya kusafishia uso si mafuta matupu. Ndani yake mna kiungo kinachoyafanya yashikane na maji. Kwenye chupa utakiona kwa majina kama Polysorbate au PEG-20. Mpambaji wa Kijapani Shu Uemura alikuwa akiuza mafuta ya aina hii tangu 1967, na leo yapo ya kila bei. Kuyajaribu ni rahisi: tia tone kiganjani, ongeza maji kidogo, sugua. Yakigeuka meupe kama tui jepesi, ndiyo. Yakibaki yanaelea na kuteleza, hayo ni mafuta ya kawaida.

Mafuta ya nazi yamo katika kila nyumba huku kwetu, na najua ndiyo utakayoyashika kwanza. Yanayeyusha mekapu, hilo sikatai. Lakini hayana kile kiungo, kwa hiyo ukimwagia maji yanabaki usoni pamoja na uchafu yaliouyeyusha, na mwenye ngozi ya chunusi huzibwa vitundu. Kama huna mengine, yatumie, kisha futa uso kwa kitambaa laini kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, ukigeuza upande safi kila mara, ndipo uingie kwenye sabuni.

Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, usiyasogeze usoni kabisa. Nalisema hili kwa sababu Pemba tunayajua na kuyaamini kwa maumivu ya viungo, na wapo wanaodhani tone moja litasafisha zaidi. Yamejaa yujenoli, ile inayoipa karafuu ukali wake. Inaunguza ngozi ya uso, na ikiingia jichoni ni balaa.

Hatua ya 1: Lensi na kope

Nawa mikono, ikaushe vizuri. Toa lensi za rangi kabla hujagusa mafuta, maana yakishika lensi hayatoki kirahisi. Funga nywele nyuma.

Kope za bandia za utepe: chovya kijiti cha pamba kwenye mafuta, pitisha juu ya mstari wa gundi, subiri nusu dakika, kisha anza kuvuta taratibu kutoka pembe ya nje. Zikikataa, rudia mafuta. Ukilazimisha utang'oa na za kwako. Ikiwa umebandikwa kope mojamoja na unataka zidumu, mafuta yasifike huko, kwani hulegeza gundi. Eneo la macho lisafishe kwa dawa ya kutolea mekapu isiyo na mafuta.

Hatua ya 2: Mafuta makavu, uso mkavu

Usilowanishe uso. Maji yakitangulia, mafuta yatajishughulisha na maji na kuiacha mekapu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa mekapu ya kila siku. Kwa biharusi mimi huweka viwili. Pasha viganjani, anza na mashavu na paji la uso, kisha pua na kidevu, kwa vidole vilivyolegea, ukizungusha. Mdomo, halafu macho mwisho, yakiwa yamefungwa: bonyeza kwanza ili wanja na maskara vilainike, ndipo usugue kwa upole kuelekea chini.

Dakika moja hadi mbili. Utaona uso mzima unakuwa na rangi moja ya matope, na wengi hushtuka hapo. Ni dalili njema.

Hatua ya 3: Kugeuza tui

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua. Watu wanapofika kwenye matope huchukua maji mengi na kujimwagia. Mafuta yanateleza, mengine yanabaki, kesho chunusi, na lawama zinaangukia chupa.

Fanya hivi: lowanisha vidole tu, rudi usoni, endelea kuzungusha. Mafuta yataanza kuwa meupe. Ongeza maji kidogo tena, zungusha tena. Mara tatu au nne, mpaka uso mzima uwe mweupe na mwepesi chini ya vidole. Hapo kila tone la mafuta limeshikwa na maji pamoja na rangi iliyomo, na sasa litakubali kuondoka. Usisahau mpaka wa nywele, chini ya taya, shingo na nyuma ya masikio. Mpambaji amepaka mpaka huko.

Hatua ya 4: Suuza, kisha sabuni

Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Macho yakiona ukungu kidogo, endelea kusuuza, utapita.

Kisha sabuni laini ya uso, kiasi kidogo, mara moja tu. Ikiwa maji ya kisima chenu ni magumu na sabuni haitoi povu, suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua au ya kunywa. Kausha kwa kubonyeza taulo safi, paka mafuta mepesi ya ngozi. Singo na liwa, vile vya kusugua na kupaka ngozi ya biharusi, usivitumie usiku huo, ngozi imeshachoka.

Kukagua

Chukua pamba nyeupe yenye maji, pitisha kwenye nyusi, pembeni mwa pua na mpaka wa nywele. Ikitoka nyeupe, lala. Ikitoka na rangi, kausha sehemu hiyo tu na uirudie kuanzia hatua ya 2, kwa matone machache.