Kufomati kompyuta ya zamani na kuipiga Linux Mint

Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Mashine hizo si za kutupwa. Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce huanzia RAM ya GB 2, ingawa kwa GB 4 ndipo inapopumua, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Prosesa lazima iwe ya biti 64: Core 2 Duo inafaa, Atom N270 haifai.

Faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja la kupakua, linakaribia GB 3, kwa hiyo pima bando kwanza. Likishashuka, lihakiki kwa sha256, yaani linganisha namba yake ya utambulisho na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililoharibika halikwambii kitu mapema. Usakinishaji hugoma ukiwa katikati, na wakati huo diski imeshafutwa. Liandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 4 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji. Kama mashine ni ya BIOS ya kizamani (programu ya ndani inayoiwasha), chagua MBR ndani ya Rufus, la sivyo flashi huenda isionekane kabisa.

Washa huku ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi kwenye menyu itakayotokea. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Usikimbilie kusakinisha.

Hamisha kwanza picha na nyaraka zako. Kisha fungua programu ya Disks, ingia kwenye SMART, ripoti ya afya ya diski, utazame mstari wa Reallocated Sector Count, yaani idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika na kubadilishwa. Ukikuta namba juu ya sifuri, na hasa kama inapanda, diski inakufa. Kufomati hakuponyi sekta mbovu: mfumo mpya utaganda vilevile, na lawama ataibeba Linux bure. Badala yake weka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya plagi ya SATA, ya inchi 2.5. Hata ya GB 120 inatosha, na hakuna kifaa kingine kinachobadilisha mashine ya zamani kiasi hicho.

Sasa acha chaji ikiwa imechomekwa, anza kusakinisha, uchague "Erase disk and install Linux Mint". Hapo ndipo diski inafomatiwa yote, pamoja na kile kipande cha kurejeshea Windows.

Ukimaliza, tovuti zikikataa kufunguka kwa madai ya usalama, angalia saa ya kompyuta. Betri ya CR2032, ile ndogo ya ndani inayotunza saa, ikiisha hurudisha tarehe nyuma miaka kadhaa, na vyeti vya tovuti huonekana batili. Kwenye laptop nyingi betri hiyo ina waya mdogo wenye plagi, basi nunua yenye waya, usilazimishe ile tupu. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi ni kadi ya Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, washa tethering ili simu iipe mashine intaneti, kisha programu ya Driver Manager itashusha draiva yake.