Kompyuta ya nyumbani inachelewa kuwaka? Shika saa kwanza kabla uipeleke kwa fundi

Kuna hii tabia yetu hapa Nairobi, kompyuta ikianza kuchelewa kuwaka mtu anaitia kwa mfuko anapanda matatu mpaka tao, anaingia Luthuli, ule mtaa wa mafundi, na fundi kabla hata aiwashe anasema "hii ni kufomati tu". Unalipa, unarudi nayo, wiki mbili inaenda vizuri, mwezi ukiisha mko pale pale. Jirani yangu Mama Shiru alifomatiwa hivyo mara mbili kwa mwaka mmoja, na mara ya pili picha zote za ubatizo wa mtoto zikaenda na maji. Akaniita, "Baba Tasha hebu kuja uone hii kitu, mimi naiwasha naenda kupika chai na chai inaiva kabla yake." Nikadhani anatia chumvi. Nikashika saa ya simu: dakika 6 na sekunde 10.

Sasa hiyo saa ndo kazi yenyewe, lakini usipime jumla peke yake, gawanya mara tatu. Kwanza, kutoka unabonyeza batani mpaka alama ya Windows itokee. Pili, kutoka hiyo alama mpaka pale pa kuweka paswadi. Tatu, kutoka paswadi mpaka ufungue kitu na kifunguke bila kuganda. Andika kwa karatasi. Ya Mama Shiru ilikuwa sekunde 55, halafu dakika 1 na sekunde 45, halafu dakika tatu na nusu. Kila sehemu ina mwizi wake, na ukimshika wa sehemu moja usidhani umewashika wote.

Ah na kabla upime, Windows 10 na 11 ukizizima kawaida huwa hazizimiki kabisa, sehemu ya mfumo inawekwa kwa diski ili kesho iwake haraka, hiyo wanaiita Fast Startup. Ukichagua Restart ndo inaanza upya kabisa. Ndo maana unaona mtu anazima kila jioni lakini ukiangalia Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja), pale Performance kwa CPU, inasema imekaa macho siku kumi na mbili. Kwa hivyo pima zote mbili, kuzima na kuwasha, halafu Restart. Kama Restart moja tu imeifanya iwe nyepesi basi pengine ulikuwa unahitaji hiyo tu na huna haja ya kusoma mbele.

Haya sehemu ya kwanza. Hapa Windows bado haijaingia kazini, kwa hivyo ukifomati mara mia hizi sekunde hazisongi. Kitu cha kwanza chomoa flashi, chomoa diski ya nje, chomoa hata printa, halafu upime tena, kwa sababu mashine nyingine inaona flashi inaanza kuikagua kama kuna mfumo wa kuwaka ndani. Kama bado, angalia skrini nyeusi inaandika nini. Ya Mama Shiru ilikuwa inaandika maneno meupe yana PXE ndani. Hizi mashine za ex-UK, mitumba kutoka Uingereza, tunazonunua nyingi zilikuwa za maofisi huko, na ofisini zilipangwa zitafute mfumo kwa mtandao kwanza, kwa seva ya kampuni. Sasa iko mtaani Umoja kwa sebule, kila asubuhi inaita seva ambayo haipo, inangoja, inakata tamaa, ndo inakumbuka iko na diski. Kuitoa hapo ni kuzima, kuwasha na kugongagonga F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kwa Lenovo za ofisi, unaingia menyu ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows iingie, unatafuta mahali pameandikwa Boot Order au Boot Sequence, diski unaipandisha juu na mambo ya mtandao unayashusha chini au unayazima. Weka sevu utoke. Kitu kingine hukijui huko ndani kiache hivyo hivyo. Sekunde 55 zikawa 12, na hatujatumia hata shilingi.

Pia kuna kile kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Kikifa, stima ikipotea kidogo tu saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma, inakuuliza ubonyeze F1 ndo iendelee, na hata tovuti zinakataa kufunguka juu tarehe ni ya uongo. Kwa ya mezani ni kuchomoa waya ya stima, kufungua ubavu, kutoa cha zamani na kuweka kipya. Wale wa kurekebisha saa za mkono wanacho.

Naruka niende sehemu ya tatu kwanza kwa sababu nayo ni bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager inafunguka, nenda mahali pa Startup. Hapo utapata orodha ya programu zinazojipenyeza kila ukiwasha, na pembeni imeandikwa kila moja ina uzito gani, High, Medium au Low. Utashangaa. Za kupiga simu za mkutano uliotumia mara moja wakati wa korona, za muziki, za gemu, za printa uliyoshauza, brausa mbili zinashindana. Chagua moja moja ubonyeze Disable. Hujaifuta, ukiitaka utaifungua mwenyewe, na ukijuta unarudi hapo hapo unairudisha. Usiguse antivairasi, wala za sauti na za tachipadi kama ni laptopu.

Lakini antivairasi iwe moja. Ile ya Windows yenyewe inatosha kwa nyumba, ukiweka nyingine yenyewe kawaida inajizima, lakini ukirundika mbili za nje zinakaguana kama askari wawili kwa geti moja. Na hapa niseme ukweli ambao wengi hawapendi, zile kreki za kufanya Windows na Ofisi ziwe za bure, ambazo kitu cha kwanza zinakwambia uzime antivairasi, ndo mlango mkubwa wa virusi. Ukiona vitu hujui jina kwa ile orodha na kompyuta ilikrekiwa, fanya skani kamili usiku ukilala.

Ukiwa bado kwa Task Manager, ngoja dakika chache baada ya kuwasha, usifungue kitu, uangalie Memory na Disk. Memory ikiwa tayari asilimia 85 au 90 na hujafungua chochote, basi RAM, yaani hiyo Memory yenyewe, ni kidogo, ongeza, na kabla ununue hakikisha aina yako ni DDR3 au DDR4 kwa sababu moja haiingii kwa nafasi ya nyingine. Memory ikiwa nusu, mtu akikuuzia RAM anakuuzia hewa. Disk ikiwa 100 na imekaa hapo dakika tano, sasa karibu sehemu ya pili.

Hapa mwizi karibu kila mara ni diski. Ile diski ya zamani, hard disk, ni sahani inazunguka na kamkono kanatembea juu yake kutafuta, zile za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na wakati wa kuwaka Windows inataka maelfu ya vijifaili vimetawanyika kila mahali, kamkono kanakimbia huku na huku mpaka kanachoka. SSD, yaani diski ya kisasa, haina kitu cha kuzunguka, ndo maana hata ile ya bei ya chini inaipita kwa mbali.

Kabla ya kununua lakini, angalia kama diski inakufa au ni uzee tu. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ukiifungua inakwambia Good, au Caution ya manjano, au Bad. Ya Mama Shiru ilikuwa ya manjano. Yaani wale mafundi walifomati mara mbili diski mgonjwa, hakuna aliyeangalia. Ukiona manjano au nyekundu, au unasikia ka-ka-ka ndani, wacha kila kitu ubebe picha na makaratasi yako kwa flashi au diski nyingine leo, si kesho. Usianze kukimbiza chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, kwa diski ya hivyo kabla ya bakapu, inaichosha na inaweza kufia hapo.

Na kama juzi stima ilipotea ikiwa imewaka, asubuhi ikaanza kukagua diski na asilimia zinatembea polepole, iache imalize. Najua mkono unawasha wa kushikilia batani. Iache.

Kuweka SSD si kazi ya injinia. Ya laptopu za zamani ni zile za inchi 2.5, bisibisi ndogo, skrubu chache, unatoa moja unaweka nyingine. Kwa ya mezani unahitaji waya ya SATA, ile ya kuunganisha diski na bodi, na diski yenyewe ni nyepesi. Ukitaka kila kitu kibaki kama kilivyo unakloni ya zamani kwenda mpya ukitumia waya ya USB, lakini kama ya zamani ni mgonjwa au ina virusi mimi naonelea uweke Windows upya, utahamisha picha baadaye. Kama Windows yako ilikuwa halali na leseni imeshikana na bodi, inajitambua yenyewe ukiingia intaneti.

Windows gani? 10 ilikatiwa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inawaka lakini mashimo mapya hayazibwi tena kwa njia ya kawaida. 11 nayo rasmi inataka prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel kuanzia kizazi cha 8, na ex-UK nyingi ni za 6 na 7, kwa hivyo kama ni ya mtoto kusoma na kuandika tu, Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure na haina maringo. Mama Shiru hakutaka kusikia, ati anataka ile amezoea, na yake bahati ilikuwa kizazi cha 8 kwa hivyo tukaweka 11. Sekunde 31 kutoka batani mpaka afungue kitu.

Ukiamua fundi ndo akuwekee, mwambie mbele ya macho yako, na diski ya zamani urudi nayo nyumbani hata akisema haina kazi. Kufomati haraka hakufuti vitu kabisa, mtu mwenye programu ya kurudisha faili atazipata picha za watoto wako na ile kopi ya kitambulisho uliskani 2019. Kama iko Good inunulie kasha la USB uwekee sinema. Kama ni ya manjano, yetu tuliipiga nyundo huko nyuma kwa kamba za nguo, na Mama Shiru ndo alishika nyundo.