Umeitwa kusaidia mafungo ya wadada Muscat? Anza na haya

Dada, kama kanisa lako limekuomba uongozane na mama mchungaji kwenda Oman kusaidia mafungo ya wanawake wanaofanya kazi kule, kitu cha kwanza sio somo wala sare ya kitenge, kitu cha kwanza ni viza na kibali. Naanza hapo kwa sababu watu wengi wanaona viza ya utalii Oman haisumbui kupata, basi wanakata tiketi wanaenda. Sheria ya kule iko wazi kabisa, mtu aliyeingia kwa viza ya utalii au ya kazi haruhusiwi kuhubiri, kufundisha dini wala kuongoza ibada. Mhudumu mgeni anaalikwa na kanisa lililosajiliwa Oman, na kanisa hilo ndilo linaloomba kibali kwa Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini kabla nyie hamjaingia nchini. Kwa hiyo mwenyeji wenu aanze kushughulikia mapema sana, miezi sio wiki, na wewe msaidizi usijidanganye kwamba "mimi sihubiri bwana, mimi naimbisha tu", jina lako liingie kwenye maombi hayo hayo pamoja na la mama. Kibali kikiwa hakijatoka msiende, au nendeni mkae kwenye viti kama washirika wengine na wenyeji waongoze. Ukikamatwa wewe utarudishwa nyumbani utasimulia ushuhuda, ila yule dada aliyekualika kazi yake iko pale na watoto wanamsubiri atume ada.

Mahali nako hakuna kuchagua. Wasio Waislamu wanaabudu kwenye maeneo yaliyokubaliwa na serikali tu, na kwa Muscat, mji mkuu, makanisa yako kwenye viwanja vya Ruwi na Ghala, ardhi ambayo Sultani Qaboos aliwapa Wakristo. Kwa hiyo ile picha ya mafungo ufukweni, au nyumba ya kupanga yenye bwawa, au kwenda zile wadi, yaani mabonde ya milimani yenye maji mazuri, mkaimbe huko, itoe kichwani. Hata sebuleni kwa mtu msijipange kufanya ibada. Ndani ya uwanja wa kanisa uko huru, mtaimba, mtaomba, mtalia, hakuna atakayewagusa, ila ukumbi unagawanwa na makusanyiko ya lugha nyingi, Wahindi wa lugha tofauti tofauti, Wafilipino, Waarabu, Waafrika, na kila mmoja ana saa zake. Hapa msaidizi ndio kazi yako hasa. Mama akishashika maiki na Roho akashuka hakuna atakayeangalia saa, wewe uangalie, na mkubaliane kabla ishara utakayompa, na dakika ishirini za mwisho ziwe za kufunga na kupanga viti, maana watu wa ibada inayofuata wameshasimama mlangoni na hawa ndio majirani ambao wenyeji wako watabaki nao mwaka mzima.

Siku yenyewe iwe Ijumaa. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na makanisa mengi ibada kubwa ni Ijumaa. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Machi, kuanzia Mei joto linapanda, Juni linapita nyuzi 40 na kuna wadada wanatembea kwa miguu kutafuta teksi. Na angalia kalenda ya Ramadhani maana inasogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwezi ule usipange kitu kabisa, sio tu kwa heshima ya wenyeji, ni kwamba dada wa kazi ndio anapika futari, anapika daku, anaosha vyombo vya wageni usiku wa manane, hana ofu na hana nguvu. Matangazo yote andika saa kwa tarakimu na useme ni saa za Muscat, wao wako mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja, na kuna Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi, Wakongo, kila mtu ana namna yake ya kutaja saa.

Sasa nije kwa wenyewe, kwa sababu hapa ndipo nataka uniskie vizuri. Hawa sio wanawake wa semina ya kwetu wanaokuja na notibuku wamelala vizuri. Kuna anayepata ofu kila wiki, kuna anayepata mara moja kwa mwezi, kuna aliyeomba ruhusa ya masaa manne kwa kusema anaenda kutuma hela. Kila saa moja anayokupa ameinunua. Kwa hiyo ratiba ya kuanzia asubuhi mpaka jioni yenye masomo sita ni ukatili, hata kama masomo ni matamu. Masomo mawili yanatosha. Kati yake weka chakula kizuri, chai ya maziwa yenye tangawizi, na muda wa kulala. Ndio, kulala. Tandika mikeka au mazulia upande mmoja wa ukumbi, zima taa, sema wazi kwa sauti kwamba saa hii ni ya kupumzika na atakayelala hajamkosea Mungu, Eliya mwenyewe alipochoka chini ya mretemu malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Utaona watu wameduwaa kidogo halafu mmoja anavua viatu, anajilaza kwa ubavu, simu ameishika mkononi kioo kikiwa juu, na dakika tano haziishi anakoroma.

Na hiyo simu usimnyang'anye. Kwenye mafungo ya kwetu tunapenda kukusanya simu kwenye kapu, kule usifanye hivyo hata kidogo. Madam, yaani mwajiri wake, akipiga isipokelewe mara mbili, ruhusa ya mwezi ujao imekufa, na pengine mtu anapekuliwa begi akirudi. Waambie waache simu na mtetemo, na weka kona ya nje yenye kivuli ambapo mtu anaweza kutoka akapokea bila nyimbo kusikika nyuma yake. Mtu akiinuka katikati ya maombi akakimbia nje usimfuate na macho, wala mwenye maiki asiseme neno. Akirudi mpe maji, mwonyeshe tumefika wapi.

Kuhusu somo, mama mchungaji ndiye anayeamua, ila atakuuliza unaonaje na mimi nakushauri umpendekezee Hajiri. Wengi wanakimbilia Ruthu kwa sababu ni mwanamke wa ugenini, ni sawa, lakini Ruthu alienda kwa kupenda mkwewe. Hajiri ni msichana wa kazi kwenye nyumba ya watu, mbali na kwao Misri, na anateswa na bibi mwenye nyumba. Soma Mwanzo 16 taratibu uone kitu: Sarai akimtaja anasema mjakazi wangu, Abramu naye anasema mjakazi wako, hakuna hata mmoja anayetamka jina lake, wa kwanza kumwita Hajiri kwa jina ni malaika, kule jangwani kwenye chemchemi, na anamuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi. Sasa mbele yako una mtu ambaye miaka miwili anaitwa shaghala tu, yaani mfanyakazi wa ndani kwa Kiarabu, mwingine amepewa jina jingine kabisa kwa sababu lake madam alisema ni gumu. Mkishasoma hapo nyamazeni, halafu kila mmoja asimame aseme jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo, na kwao ni wapi, na wote waitikie jina hilo. Hiyo peke yake inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, usiikatishe, hata kama ni wewe mwenye kazi ya saa. Wanalia, tishu ziwe karibu na ziwe nyingi.

Ila hapo hapo kuna jiwe, na ni lazima mlizungumze wewe na mama kabla hamjapanda ndege. Kwenye mstari wa 9 malaika anamwambia Hajiri arudi akanyenyekee kwa bibi yake. Ukiusoma huo ukapita, yule dada anayepigwa atatoka pale akijua Mungu amemwambia avumilie kupigwa. Msiuache hivyo. Endeleeni mpaka Mwanzo 21, Hajiri anatoka kabisa kwenye ile nyumba na mtoto wake, harudi tena, na Mungu yuko upande wake kule nje pia, anamfungulia macho anaona kisima. Mseme kwa Kiswahili cha kawaida, kisichohitaji tafsiri, kwamba kupigwa, kuguswa usivyotaka, kunyimwa mshahara na kunyimwa chakula sio msalaba uliopewa ubebe.

Mkishasema hivyo watu watakuja kuongea, na watakuja kwako sio kwa mama, kwa sababu mama anaogopwa na wewe ndiye uliyekuwa unagawa chai. Kaa sehemu inayoonekana lakini isiyosikika. Sikiliza. Usimkatishe kwa maombi, wapo watu wakisikia jambo zito wanafumba macho haraka haraka wanaanza "Baba katika jina la Yesu", na yule alikuwa hajafika hata katikati ya alichotaka kusema. Usimwambie atoroke. Dada akiondoka kwa mwajiri bila utaratibu anaweza kuripotiwa ametoroka, akawa hana makaratasi, na hapo anaangukia mikononi mwa watu wabaya zaidi. Usimwambie avumilie pia. Muulize anataka nini, na kama yuko hatarini muulize kama anakubali umuunganishe na mtu wa kanisa wa pale anayeshughulika na mambo haya, na ubalozi wake, Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Muscat. Hizo namba uwe umezipata na kuzihakikisha wewe mwenyewe kwa kupiga, sio za kuchukua kwenye grupu. Usiahidi nauli. Usiahidi utaenda kumwona mwajiri. Na alichokwambia kibaki hapo, hata kwenye gari mkirudi na mama usikisimulie kama sio yeye aliyesema mama ajue.

Na kwenye gari kuna jambo jingine, wageni wengi hawalijui. Muscat Kiswahili kinasikika! Kuna Waomani wengi familia zao zimetoka Zanzibar na pwani yetu na wengine hata Burundi na Kongo, wanaongea Kiswahili kizuri kuliko wewe na mimi. Dereva wa teksi mwenye kanzu na kofia yake, mama wa dukani, mzee kwenye foleni ya benki, yeyote anaweza kuwa anakusikia. Kwa hiyo habari za dada fulani na madam wake wa mtaa fulani haziongelewi barabarani. Wenyewe ni watu wakarimu sana, ukiwaamkia kwa Kiswahili utakaribishwa kahawa na halua, ipokee kwa moyo mmoja, salimiana, ongea habari za Unguja, ila usigeuze kahawa hiyo kuwa nafasi ya kushuhudia. Kueneza dini hadharani hairuhusiwi, na umeingia kwa kibali cha kuwahudumia Wakristo.

Mizigo: beba Biblia yako moja ya kusomea. Boksi la vitabu, vipeperushi, mafuta ya upako, CD, acha nyumbani, vitabu vya dini vinaingizwa kwa kibali na kanisa mwenyeji ndilo linajua utaratibu, nyimbo mtachapisha pale pale kanisani. Ndugu za wadada watakuletea vifurushi uwapelekee, dagaa, dawa za miti, bahasha zimefungwa. Kataa kwa upole kitu chochote ambacho hukukifungasha mwenyewe, hata kama anayekuomba ni mama yake mzazi, na dawa zako mwenyewe ziwe na cheti cha daktari. Nguo ndefu na zenye mikono zinatosha, baibui sio lazima.

Pesa msichangishe. Kukusanya michango bila kibali ni kosa kule, na hata isingekuwa kosa, huyu mtu mshahara wake umeshagawanywa kabla haujaingia, ada, hospitali, nyumba inayojengwa na kaka ambaye hajengi. Sadaka ya ibada ni utaratibu wa kanisa mwenyeji, nyie msiiguse. Na usikubali zawadi ya manukato wala usitaje kwamba manukato ya kule unayapenda, atajinyima akununulie.

Picha ni sifuri. Najua kanisa nyumbani linataka kuona, piga picha ukumbi mtupu, viti, chungu cha pilau, basi. Uso wa dada usiende Facebook wala kwenye status, wala usirushe laivu, kwa sababu alimwambia madam anaenda kutuma hela, na madam naye ana simu.

Madhehebu yatachanganyika. Mkatoliki, Mlutheri, Msabato, Mpentekoste, wote wako kwenye mkeka mmoja, basi Meza ya Bwana iachieni makanisa yao, msifundishe ubatizo, na kama kuna padri au mchungaji wa pale anayeweza kukaa kwa ajili ya wanaotaka kitubio au ushauri mpangie chumba.

Mkisharudi kazi haijaisha. Kupiga simu kwa WhatsApp Oman kumekuwa na vizuizi miaka mingi, lakini ujumbe wa sauti unafika, kwa hiyo kabla hamjaachana wapange wawili wawili, wanaokaa eneo moja au hata mmoja mji wa Sohar mwingine Muscat, kila mmoja amtumie mwenzake sauti ya dakika moja kila Ijumaa. Usifungue grupu kubwa lenye jina la mafungo na picha ya msalaba, simu zao zinashikwa na watoto wa nyumbani. Mwenyeji mmoja abaki na orodha ya wawili wawili hao kwenye karatasi, na mtu akikaa Ijumaa mbili hajajibu, huyo mwenyeji ndiye anayeanza kuulizia, kwa majirani kwanza, halafu ubalozini.