Una shamba la mikarafuu Pemba? Soma kabla hujatia shoka

Wenye mashamba ya mikarafuu hii yenu. Kuna ndege wanne wanapatikana Pemba tu, kwengine duniani hawapo: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na kale kengine kadogo kenye duara jeupe machoni. Watu wanadhani wote wako Ngezi msituni, kumbe yule bundi anakaa hata kwenye mikarafuu yetu, bora majani yawe yamefunga vizuri.

Sasa kabla hujakata mkarafuu mkongwe upate kuni au upande mche mpya, tazama kwanza kama una pango. Bundi huyu inasemekana anataga kwenye mapango ya miti, na mapango yako kwenye miti mizee, hiyo hiyo tunayoanza nayo kukata. Usitie mkono, mie nilitia nikakuta nyoka, alhamdulillahi sikuumwa. Ukishasali magharibi nenda kakae mbali kidogo, zima tochi, sikiliza. Analia "hu" moja, ananyamaza, tena "hu", mara nyengine anazifululiza haraka haraka. Ukimsikia siku mbili tatu pahala pale pale basi mti huo uache, kata mwengine.

Mchana ukimkuta wakati wa kuchuma utamuona kajikunyata kwenye majani, kadogo tu, sentimita 20 hivi, rangi kahawia au wekundu wa kutu. Ruka tawi lile, utalirudia kesho. Shida inaanza hapa maana mchumaji mmoja akipiga ukelele "bundi!" mawe yanarushwa, ati kaja kuleta msiba. Shambani kwetu waliwahi kumuua mmoja hivyo hivyo, na wiki ile ile tukamzika mzee mmoja, nani atabishana na watu tena? Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa miezi. Mie siku hizi sibishani na uchawi, nawaambia huyu chakula chake wadudu, halafu nawaambia kuna wazungu wanapanda ndege kuja kumtafuta ndege huyu Ngezi usiku na tochi, na wanalipa. La pesa linaingia haraka kuliko mawaidha.

Ninga yeye anaponzwa na matunda, anakuja kula vijana wanamngojea na manati au ulimbo. Kumfukuza mtoto shambani haisaidii, atakwenda shamba la pili. Wakubwa tusinunue, basi, maana anayekuletea ninga jikoni kwako anajua utampa chochote.

Sumu ya panya punguza, bundi mkubwa wa majumbani akimla panya aliyekula sumu na yeye anakwenda. Ukitia, mizoga ifukie. Na masalio ya chakula cha wachumaji yafukie pia, yasiite kunguru. Unguja walileta kunguru wa India miaka ya 1890 ati wasafishe taka, wakamaliza taka wakahamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wengine, mpaka leo wanasumbua.

Ukikuta kinda kaanguka mrudishe pangoni au kwenye kiota, kumshika hakumfanyi mamake amkatae, hayo maneno tu. Kama hufiki juu, chukua pakacha, tia majani makavu, lifunge kwenye tawi la karibu halafu ondoka kabisa pale, ukisimama kutazama mama hashuki.