Mtaa wenu unajengwa barabara? Ulizeni maji kwanza, lami baadaye

Greda likiingia mtaani kila mtu anawaza lami tu, vumbi linaisha, wapangaji wataongezewa kodi, boda watapita bila kulalamika. Maji hakuna anayeyauliza mpaka masika ya kwanza. Sasa kwa sisi wa Dar, ambako barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), swali la kwanza kwa injinia siku ya kikao cha serikali ya mtaa ni hili: huu mtaro unaishia wapi? Kama unakatikia njiani eti mwingine utakuja awamu ya pili, basi jueni nyumba ya mwisho ndo imefanywa bwawa. Msikubali kuonyeshwa kwenye karatasi peke yake, tembeeni naye mpaka kwenye mto au mtaro mkubwa unaopokea, muone kama na wenyewe haujajaa mchanga.

Halafu pigeni hesabu, sio ngumu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Barabara ya mita 100 yenye upana wa mita 6 ikipigwa na mvua ya milimita 50 inakusanya lita 30,000, yaani matanki 30 ya lita elfu moja, na hapo bado hujagusa mabati, maana paa la mita za mraba 150 linatema lita 7,500 peke yake. Zamani sehemu ya maji hayo ilikuwa inanywewa na udongo, ukishaweka lami na kila mtu akasakafia uwanja wake yote yanakimbilia mtaroni. Ndo maana ukiweza kuvuna ya paa lako kwenye tanki, na ukaacha kipande cha ukoka bila kusakafia, umeusaidia mtaa mzima.

Kitu cha kukagua kabla zege halijamwagwa ni mteremko. Huhitaji mashine, tumia mpira wa maji ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi wanapimia levo. Jaza maji, toa mapovu yote (povu moja tu linadanganya), mmoja ashike huku mwingine mita 20 mbele, maji yakitulia weka alama pande zote mbili. Pima kutoka kwenye alama kwenda chini mpaka kitako cha mtaro. Upande maji yanakoelekea lazima uwe mrefu zaidi, mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita unakupa tofauti ya sentimita 10 hapo. Mkikuta sawasawa, au kinyume, semeni siku hiyo hiyo na iandikwe, zege likikauka utaambiwa mradi umeshapimwa.

Na geti lako je? Barabara mpya hupandishwa kwa kifusi, uwanja uliokuwa sawa nayo unajikuta shimoni. Waulize wajenzi vigingi vyao vinasema uso wa lami utakaa wapi, ili ujue mapema kama utainua kizingiti.

Vivuko vya magari juu ya mtaro ndo balaa lenyewe. Mtu anatupia bomba dogo, anafukia kifusi juu, gari linaingia, mvua ya kwanza chupa za plastiki zinaziba na majirani wa juu wanaogelea. Weka mfuniko wa zege wenye nondo, vipande vifupi vyenye mashimo ya kunyanyulia, ili watu wawili wauinue na kuzibua.

Wakati ujenzi unaendelea, mkandarasi asirundike mchanga kwenye njia ya maji, na kama masika yamekaribia mwenyekiti wenu adai mfereji wa muda. Mkizibua mtaro tope liondoke siku hiyo, ukiliacha pembeni mvua inalirudisha lote. Na wale wanaosubiri mvua ikolee wafungulie chemba za vyoo, hao msiwachekee, wapelekeni kwa mtendaji, watoto wanakanyaga maji hayo na kipindupindu tunakijua.

Mwisho, kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka 1 baada ya kukabidhi, ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama zake. Mvua kubwa ikinyesha toka na simu, piga picha na video kila maji yanapotuama, andika tarehe na saa, pelekeni kwa barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa kabla muda haujaisha, na mbaki na nakala iliyogongwa kupokelewa.