Shule Minnesota zinafunguliwa Septemba, ila makaratasi ni sasa hivi

Ndugu zangu wa Brooklyn Park na huko jirani, na nyie wote mliofika Minnesota mwaka huu, hii ni ya kwenu. Shule nyingi za hapa zinafunguliwa karibu na Labor Day, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa hiyo watu wengi wanaona Julai na Agosti ni likizo tu basi. Watu wa distrikti, yaani ofisi inayosimamia shule za eneo lako, hawako likizo lakini. Saa hizi wanapanga mabasi, walimu na madarasa kwa kuangalia majina yaliyomo kwenye kompyuta, na kama jina la mwanao halimo hajapangiwa chochote. Ukienda wiki ya mwisho ya Agosti watampokea, shule ya umma haimfukuzi mtoto, ila basi lake linaweza lisiwe tayari na utajikuta unamwendesha mwenyewe kila asubuhi huku shifti inakungoja.

Kwanza jua uko distrikti gani, usifuate ya rafiki yako wa kanisani. Brooklyn Park peke yake imegawanywa kati ya Osseo, Anoka-Hennepin na Robbinsdale, yaani watu wa mji mmoja wana ofisi tofauti na kalenda tofauti. Ingia tovuti yao, andika anwani yako, utaambiwa shule ipi. Kuandikisha siku hizi ni onlain, wanataka mkataba wa kupanga au bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa au paspoti, na rekodi za chanjo. Mambo ya viza hayawahusu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tangu 1982 kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa ajili ya makaratasi ya uhamiaji, na namba ya Social Security nayo sio lazima. Na kama mmepoteza nyumba mkabanana kwa shangazi au kwa rafiki, msikae kimya eti hamna mkataba wenye jina lenu, kuna sheria inaitwa McKinney-Vento, itajeni hiyo sheria pale ofisini: mtoto anaandikishwa hapo hapo, makaratasi yanafuata baadaye, na mnaweza kuomba usafiri pia.

Sasa chanjo, hapa ndo watu wengi wanakwama. Ile kadi ya kliniki ya kule nyumbani ni mali, kama iko kwa bibi mwambie apige picha kurasa zote, hata zile zilizofutika futika. Shida ni kwamba kwetu Kenya na Tanzania mtoto anachomwa surua ya kwanza akiwa na miezi 9, na Marekani surua ya kabla ya kutimiza mwaka haihesabiwi. Ile ya miezi 18 ni surua na rubella tu, matubwitubwi hakuna, na tetekuwanga haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida. Kwa hiyo kadi inaweza kujaa mihuri mpaka chini na bado nesi akakwambia mtoto anahitaji MMR (surua, matubwitubwi na rubella kwa pamoja) na tetekuwanga, usigombane naye, yuko sawa. Ila zile Penta tatu usikubali zifutwe kwa sababu mtu wa mapokezi hajawahi kusikia hilo jina, mwambie ndani yake kuna dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini, daktari aongeze zinazopungua sio kuanza moja. Anayeingia darasa la 7 anahitaji nyingine mbili, ya kuongezea pepopunda na ya homa ya uti wa mgongo. Kama hamna bima ipo programu ya serikali ya chanjo za bure kwa watoto, ulizia kliniki, na uombe miadi mapema maana Agosti wote ndo mnakumbuka.

Halafu angalia tarehe jamani. Kadi yetu inaanza na siku, wao wanaanza na mwezi. Mtoto aliyeandikwa 03/09/2020 kwetu kazaliwa Septemba, huku watamsoma Machi. Na kindagateni ya Minnesota, ule mwaka wa kabla ya darasa la kwanza, inataka awe ametimiza miaka 5 kufikia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo hapo ni mwaka mzima wa shule unapotea au unaongezeka kwa kosa la kusoma. Andika mwezi kwa maneno, imeisha hiyo. Majina vile vile, yafuate paspoti kila mahali.

Kuna fomu itakuuliza nyumbani mnaongea lugha gani. Wazazi wengine wanaandika Kiingereza tupu wakiogopa mtoto atapelekwa darasa la watoto wazito wa kuelewa, mimi naona hiyo ni kumnyima msaada. Andika Kiswahili kama ndo mnachoongea. Atapimwa Kiingereza chake, na matokeo wanatakiwa wakuletee ndani ya siku 30 tangu shule ianze, na wakimpa masomo ya ziada ya Kiingereza una haki ya kuyakataa ukiona hayana faida. Hapo hapo omba mkalimani, ni bure, na usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe!

Chakula cha asubuhi na mchana ni bure kwa wanafunzi Minnesota tangu 2023, ila ile fomu ya kipato jaza tu, shule inapata hela kupitia hiyo na sehemu nyingi inakupunguzia ada ya michezo.

Mnaopanga kwenda nyumbani Agosti, angalieni tiketi ya kurudi. Mtoto asipoonekana siku 15 za shule mfululizo anatolewa kwenye orodha, na akirudi mnaanza kuandikisha upya. Ukihama nyumba au ukibadilisha simu wapigie siku hiyo hiyo, na kwenye orodha ya watu wa kumchukua mtoto weka angalau wawili wanaopokea simu saa nane mchana.